Jiji linanitaka nimfunge kizazi mbwa wangu. Wenzangu mlioko Marekani mnafanyaje?

Mtanga_wa_VanNuys

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naishi Los Angeles, upande wa Van Nuys, huu mwaka wa 9. Kazi yangu kulea wazee, zamu ya usiku. Mzee wangu akishalala saa mbili sina wa kuongea naye mpaka alfajiri, kwa hiyo mkiona nimeandika marefu mnivumilie.

Nina mbwa jike, anaitwa Chai. Ni German Shepherd, hawa ambao kwetu tunawaita mbwa wa polisi, ila huyu rangi imepauka kama chai iliyozidishwa maziwa. Nisiwadanganye, sikumchukua kwa mapenzi, nilimchukua kwa woga. Mwaka jana mtu alijaribu kitasa cha mlango wangu saa nane mchana, mimi nimelala nimetoka zamu. Baada ya hapo usingizi wa mchana ukaniisha mpaka Chai alipokuja. Ana miezi 7 sasa. Akisikia hatua ngazini anasimamisha sikio la kushoto tu, la kulia halijawahi kusimama sawasawa, linaning'inia kama karatasi iliyolowa.

Mpango wangu ulikuwa azae mara moja tu. Jirani wa chini, Mmeksiko mmoja mstaarabu sana, ana dume zuri la aina hiyohiyo, na tulishakubaliana yeye achukue mtoto mmoja na waliobaki wawe wangu. Nikapiga hesabu: wakizaliwa 7, nikauza 6 kwa dola 500 kila mmoja, ada ya mtoto wa dada yangu Tanga imepatikana na chenji inabaki.

Basi nikaenda kumkatia leseni. Aliyekuwa dirishani aliniuliza kwa upole kabisa: amefungwa kizazi? Nikasema bado. Hapo ndipo nilipopewa somo. Mbwa aliyefungwa leseni yake ni dola 20, asiyefungwa dola 100. Ukitaka azae unahitaji kibali cha kuzalisha, dola 235 juu yake, na vibali vyenyewe havitolewi, maana mwezi wa nne 2024 baraza la jiji lilipiga kura kuvisimamisha kwa sababu shelta, yaani nyumba za kutunzia wanyama waliotelekezwa, zimejaa. Nikarudi nyumbani nikasoma sheria yenyewe. Iko tangu 2008! Kila mbwa na kila paka akishapita miezi 4 awe amefungwa, labda awe mbwa wa maonyesho, anayetumika kazini polisi, wa kuongoza wasioona, au daktari aandike barua. Usipotii unaongezewa siku 60. Zikipita, faini dola 100 au saa 8 za kazi za jamii. Ukirudia, dola 500 au saa 40. Saa 40 za kuitumikia jamii, mimi ninayelea wazee wa watu saa 60 kwa wiki!

Na daktari wa karibu na kwangu ameniambia operesheni ya mbwa mkubwa kama Chai ni dola 600. Hiyo ni ada yote, inakwenda upande wa pili.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Mimi nimekulia kwenye kambi ya mkonge, Muheza. Baba alikuwa mlinzi wa shamba, na alikuwa na mbwa jike anaitwa Sabuni. Sabuni alizaa kila mwaka. Hakuna diwani aliyekuja kumuuliza baba kibali, na sikumbuki hata siku moja mbwa wamefurika pale kambini. Mungu ameumba mnyama azae, leo baraza la jiji linasema asizae? Au mimi ndiye sijaelewa? Nisaidieni mawazo kabla siku zangu hazijaisha.

Mbagala_Rangi_Tatu

Dada pole, ila nimecheka peke yangu kwenye daladala. Yaani umevuka bahari mbili kwenda kudaiwa uzazi wa mpango wa mbwa.

Huku sisi mbwa wa mtaa wetu hana leseni, hana jina, na anajua ratiba ya bucha kuliko mwenye bucha. Siku halmashauri ikiwakumbuka, wanapita watu na bunduki au sumu, asubuhi mitaro inanuka. Ukiniuliza mimi, barua yenye siku 60 ni adabu kubwa sana. Lipa mama.

Mtanga_wa_VanNuys

@Mbagala unacheka kwa sababu hujaiona hiyo bei. Ila ya sumu ni kweli, nimeyaona hata Tanga mjini.

Kamau_wa_Denver

Mimi niko Denver tangu 2011, na hapa vita vyetu havikuwa vya kuzaa, vilikuwa vya aina ya mbwa. Jiji lilipiga marufuku pit bull, wale mbwa wenye misuli wanaoogopwa kwa ukali, mwaka 1989. Nilipofika nilikuwa na rafiki aliyemficha wake miaka minne, akimtembeza saa tisa usiku na sweta juu ili watu wadhani ni mbwa mwingine. Sweta, bwana! Mbwa wa kilo 30.

Novemba 2020 suala likapelekwa kwenye kura na wananchi wakaiondoa ile marufuku. Sasa unaruhusiwa, lakini unampeleka apimwe kama ni wa aina hiyo, unachukua kibali maalumu, anawekwa chipu, na nyumba moja mwisho wawili. Ukikaa miezi 36 bila kosa, anahamia leseni ya kawaida kama mbwa wa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo nakwambia, sheria za jiji hubadilika, ila hubadilishwa na watu waliokwenda kwenye vikao. Hilo baraza lenu lina muda wa wananchi kusema. Nenda ukaseme, hata kwa lafudhi yetu hii wanasikia.

Lakini kuhusu kuuza watoto, mimi nisingefanya. Nimeona mtu ameuza wanne, watatu wakarudishwa.

Nyar_Kisumu

Mamangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mimi pia niko LA, na kila Jumamosi najitolea kwenye shelta moja kati ya zile 6 za jiji. Sitaitaja ni gani. Acha nikuambie nilichokiona juzi, halafu uamue mwenyewe.

Tunafika saa mbili asubuhi. Kitu cha kwanza ni klorini, inakuwasha macho kabla hujaufungua mlango wa pili. Halafu kelele. Vizimba vya mbwa mmoja vina wawili, vingine watatu, na kwenye korido kuna makreti ya waya yamepangwa ukutani, ndani yake mbwa hawezi kugeuka bila kukunja mgongo. Kila mlango una kadi: namba, jinsia, umri wa kukisia, siku aliyoingia, na sababu. Nilihesabu safu moja tu, milango 14. German Shepherd walikuwa 5. Watano, mamangu, wa aina ya Chai wako. Wengine huski, wengine pit bull, na chiwawa wawili waliokumbatiana kama watoto wa yatima.

Mmoja alikuwa jike, hana hata mwaka, amevaa kola nyekundu yenye kengele ndogo. Kadi yake iliandikwa: mwenyewe anahama, nyumba mpya hairuhusu mbwa mkubwa. Kila mtu akipita, yeye anainuka na kengele inalia. Mtu akishapita, analala. Anainuka, analala. Mpaka saa sita nilikuwa nimemsikia hivyo na sikuwa na mahali pa kumpeleka. Nyumbani kwangu wapo watatu tayari, na watatu ndio mwisho wa sheria.

Huyo mbwa alizaliwa mahali fulani na mtu aliyesema ni mzao mmoja tu. Sikusemi vibaya. Na wewe unapanga nyumba kama mimi, unajua wenye nyumba wa hapa walivyo na mbwa wakubwa. Hao wateja wako 6 pia ni wapangaji.

Duka la kuuza watoto wa mbwa hapa halipo tena, jiji lilikataza 2012 na jimbo zima la California likafuata Januari 2019. Ilikuwa kuziba mlango wa mashamba ya kuzalisha mbwa kama kuku. Sasa mlango uliobaki ni huu wetu, wa mtu na jirani yake wa chini.

Halafu swali moja, na usinikasirikie. Sabuni alizaa kila mwaka. Walikwenda wapi?

Mtanga_wa_VanNuys

@Nyar_Kisumu sijakasirika. Walichukuliwa na watu wa kambini nadhani, wengine wakaenda mashamba ya jirani. Nilikuwa mdogo.

Ila na wewe nijibu moja. Sheria ina miaka zaidi ya 15 na shelta bado zimejaa hadi korido. Sasa imesaidia nini? Ninavyoona mimi, anayekwenda dirishani kwa miguu yake kukata leseni ndiye anayekamuliwa dola 100. Yule anayezalisha gereji na kuuza kwenye simu hana leseni, hana kibali, hajui hata dirisha liko wapi. Faini inamkuta mwenye anwani.

Nyar_Kisumu

Hapo umenipiga, sina jibu. Wakaguzi ni wachache na jiji ni kubwa. Hata sisi tunaojitolea tunasema hivyohivyo wakati wa chai. Lakini kengele bado inalia.

Fundi_wa_Bukavu

Jambo dada. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Norway miaka 12. Nataka niwashangaze kidogo. Huku ni kinyume. Sheria ya ustawi wa wanyama ya 2009 inasema usimkate mnyama bila sababu ya maana ya afya au ustawi wake. Kwa hiyo mbwa wengi hapa hawafungwi kizazi, wanaishi na viungo vyao vyote mpaka wanazeeka. Nilipompeleka wangu na kusema nataka ahasiwe kwa sababu ndivyo nilivyoona watu wa Marekani wanafanya, daktari aliniangalia kama nimeomba amkate mkia.

Na mbwa wa mtaani? Sijamuona hata mmoja. Mtu akiwa na jike mwenye joto anamfungia ndani wiki tatu, anamtoa kwa kamba, basi. Toka tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti mbwa wote nchi nzima ni kamba tu, kwa ajili ya kondoo na ndege wanaotaga. Watu wanatii, hata porini ambako hakuna wa kukuona. Mimi mwanzoni niliona ni ugonjwa, sasa nami nimeambukizwa.

Sheria ya kuzalisha ndiyo kali, lakini inauliza kitu kingine: huyo mtoto atazaliwa mzima? Januari 2022 mahakama ya Oslo ilikataza kuzalisha bulldog wa Kiingereza na Cavalier, wale wadogo wenye masikio marefu, kwa sababu wanarithishana magonjwa. Wazalishaji walikata rufaa, bulldog akaachiwa, lakini kwa Cavalier Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilishikilia Oktoba 2023. Kwa hiyo jiji lako linahesabu vichwa, huku wanahesabu magonjwa. Sijui kama hili linakusaidia na siku zako 60.

Mbagala_Rangi_Tatu

Wiki tatu ndani? Mke wangu mwenyewe hakubali siku mbili.

Dokta_wa_Mindu

Nimechelewa, nilikuwa kwenye chanjo vijijini. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, na ng'ombe ndio mkate wangu lakini mbwa nawajua.

Dada, umezungumza sana habari za jiji na pesa, hujasema neno juu ya viungo vya miguu ya Chai, na huko ndiko kwenye hoja yako kubwa kuliko zote. Chuo Kikuu cha California, Davis, hapohapo kwenye jimbo lako, walichapisha utafiti 2016 wa German Shepherd zaidi ya elfu moja. Majike walioachwa bila kufungwa, kama asilimia 5 walipata matatizo ya viungo. Waliofungwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 16. Homoni ndizo zinazoiambia mifupa iache kurefuka. Ukiziondoa mapema, mfupa unapitiliza na kiungo kinakaa vibaya, hasa kwa mbwa mkubwa anayekua haraka. Kwa hiyo miezi 4 kwa aina hii ni mapema mno. Nasema hivyo bila kupepesa.

Lakini umeshaisoma dawa mwenyewe ukaipita: barua ya daktari. Sheria ya jiji lako inamruhusu daktari mwenye leseni kuandika kwamba afya ya mbwa inataka asubiri mpaka tarehe fulani. Mwombe daktari wako hiyo barua. Mwambie maneno haya: viungo vya miguu, German Shepherd, asubiri apite mwaka na zaidi. Atakuelewa.

Upande wa pili usidanganyike na Norway. Jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi. Huko Sweden, ambako nako hawafungi ovyo, takribani robo ya majike hupata kabla ya kufika miaka 10. Dalili ni kunywa maji sana, kulegea, kukataa chakula wiki chache baada ya joto. Ukichelewa anakufa, na operesheni ya dharura huko kwenu haitakuwa dola 600. Vilevile huo mzao wako mmoja: mimba siku 63, daktari, chanjo za watoto 7, minyoo, chakula wiki 8, na wewe uko zamu usiku. Nani atakaa nao? Nimeona watu wamekwenda kutafuta faida ya mbwa wakarudi na deni la mbwa.

Halafu @Mbagala, sumu na bunduki peke yake havimalizi kichaa cha mbwa. Ukiua mbwa wa mtaa, nafasi yake inajazwa na mbwa mwingine asiyechanjwa. Pemba dawa ilikuwa chanjo, kijiji kwa kijiji. Ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi 2016 kwa mbwa walioingia kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena mpaka 2018 ukakatika. Yule Sabuni wa Muheza angekuwa amechanjwa, hilo ndilo ningemuuliza mzee wake kwanza, kabla ya kibali.

Kamau_wa_Denver

Daktari asante. Nimeihifadhi hii.

Mtanga_wa_VanNuys

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Niwape mrejesho.

Barua nimepata. Daktari hakubisha hata kidogo, nilipotaja viungo vya miguu alitikisa kichwa kama aliyekuwa anangoja niseme. Ameandika Chai asubiri mpaka atakapofikisha miezi 20, tarehe imeandikwa. Akaniambia pia jiji lina vocha za kupunguza gharama ya operesheni kwa wenye kipato kidogo, nijaze fomu mapema. Nimejaza. Dola 100 za leseni nimelipa, na bado sijakubaliana nazo. Nimeshajua baraza linakutana lini, nitabadilishana zamu na mwenzangu niende nikaseme ile habari ya mwenye anwani.

Jirani wa chini nimemwambia hakuna mzao. Alicheka, akasema mke wake alishamkatalia huyo mtoto mmoja tangu mwanzo.

@Nyar_Kisumu, swali lako lilinikaa. Jumapili nilimpigia kaka yangu mkubwa, yuko bado Muheza, nikamuuliza watoto wa Sabuni walikuwa wanakwenda wapi. Akanyamaza kwanza nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, we hukumbuki gunia? Baba alikuwa anaacha mmoja au wawili, dume. Waliobaki anawatia kwenye gunia la mkonge kabla hawajafungua macho, anamtuma yeye, kaka, awapeleke mtoni. Alikuwa na miaka 11. Anasema mimi nilikuwa naambiwa nimshike Sabuni shingoni mpaka arudi, na nilikuwa namshika vizuri.

Ndipo nikakumbuka shingo yake. Manyoya yalikuwa magumu, yamejaa vumbi la mkonge, na alikuwa anatetemeka chini ya mkono wangu. Mimi nilidhani ni baridi.

Jumamosi ijayo niko huru kuanzia saa tatu. Nyar, hiyo shelta yako nitumie anwani kwenye ujumbe wa siri. Na huyo wa kengele, bado yupo?